Jinsi ya Kuwa Mwenyeji wa Nkome na Kuwafungia Mlango Wanaokuja Nyuma

Karibu Nkome, huku Geita kando ya Ziwa Victoria. Sijali umekuja kwa mtumbwi kutoka Ukerewe, kwa basi kupitia lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, au juu ya lori la mahindi kutoka Kasulu. Umefika, una begi moja na njaa mbili: ya tumbo na ya kuheshimiwa. Ya tumbo haina shida. Ziwa lipo, dagaa wapo, na dhahabu ya Geita bado haijaisha. Heshima ndiyo yenye foleni. Wenyeji hupewa kwanza, na wewe bado ni wa kuja.

Usikate tamaa. Uwenyeji ni fani, na karibu kila unayemwona mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, amejifunza. Wengine walijifunza mapema kidogo, ndiyo maana wanaringa. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine, usiruke. Ukizishika vizuri, misimu michache tu itatosha: nawe utakunja uso ukiona mgeni anashuka.

Hatua ya 1: Jua kujibu "Kwenu wapi?"

Mtanzania mstaarabu hamuulizi mtu kabila lake. Ni aibu, tulikatazwa tangu shule ya msingi. Yeye huuliza tu, "Kwenu wapi?" Ukimjibu, ameshajua kabila lako, dini yako, chakula unachopenda na kama ni mtu wa kukopeshwa.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Kwenu wapi, kijana?"

"Nkome, mzee."

"Nkome hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Sawa. Sasa, kwenu hasa?"

Hapo kwenye "hasa" ndipo wageni wengi wanapoangukia. Wanajieleza: baba alitoka kule, mama wa huku, babu alihamia wakati fulani. Usijieleze. Mwenye haki hatoi maelezo, hutoa salamu. Amka mapema, pita kwa wazee, toa shikamoo yako, kisha weka "mwangaluka" kama ni asubuhi na "mwadila" kama ni mchana. Hayo maneno mawili ya Kisukuma yatakuvusha miezi mitatu.

Mzee akizidi kuchimba, mgeuzie jembe: "Na nyie mzee, ukoo wenu ndio ule mkubwa wa huku?" Hajazaliwa mzee wa kukataa kwamba ukoo wake ni mkubwa. Atasimulia mpaka magharibi. Utaondoka hujaulizwa tena, na kesho yake atawaambia watu kwamba wewe ni kijana mwenye akili sana.

Hatua ya 2: Chagua kabila kwa kuangalia kazi

Ukanda huu una Wazinza, Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Wakara, Wahaya, Waha, Wajaluo na Wakurya. Mtu mwenye kabila moja tu mahali kama hapa anajibana bure.

Mwaloni, kwa wenye mitumbwi ya dagaa, uwe Mjita au Mkerewe. Watu wanaamini hao huzaliwa na wavu mkononi. Hakuna atakayekupima, ila jifunze kukumba maji kabla hujapanda mtumbwi usiku na karabai. Ziwa halisomi vitambulisho.

Ukitaka shamba na ng'ombe, uwe Msukuma. Ukitaka kukopeshwa dukani, uwe kabila la mwenye duka. Ukienda machimboni, Rwamagasa au Nyarugusu, usihangaike na kabila kabisa. Uliza mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ni nani, kisha uwe mtu wa kwao. Ukidaiwa, uwe Mtanzania. Mtanzania hana kwao hasa, na mdai atazunguka sana.

Tena huo Utanzania una soko lake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji imewekwa kwa ajili ya raia. Kwa hiyo ipo siku atakuja mtu mwenye mashine, fedha na tabasamu pana, anatafuta Mtanzania wa kuweka jina kwenye karatasi. Huyo hatakuuliza kwenu hasa. Atakuita ndugu. Utagundua kwamba uraia wako una thamani kubwa kuliko ulivyodhani, na kwamba thamani yenyewe analala nayo yeye.

Hatua ya 3: Jipatie jina

Jina lako la zamani limechoka. Majina ya Kisukuma yana sababu zake, basi chagua yale ambayo sababu yake haichunguziki. Mabula ni jina zuri. Linakwenda na mvua, na mvua imenyesha kila mahali. Masanja nalo ni salama, maana akina Masanja ni wengi hata hakuna wa kuwahesabu.

Jihadhari na Shija. Huyo huzaliwa nyuma ya mapacha, na ukijiita Shija watu watataka kuwaona Kulwa na Doto. Kashinje nalo liache, ni la aliyetanguliza miguu, na bibi mmoja mkunga anaweza kukuuliza maswali ambayo hukujiandaa kuyajibu.

Ukiona haya, jipe moyo kwa mfano wa Padri David Clement. Alikuwa Mkanada. Alipofika Usukumani akaitwa Fumbuka, na yeye ndiye mwanzilishi wa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza. Leo mtoto wa Kisukuma hupelekwa Bujora kwenda kujua Wasukuma ni akina nani. Ikiwa mtu wa Canada aliweza, wewe wa Kibondo unashindwaje?

Hatua ya 4: Kata historia pale inapokufaa

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haihitaji mtaji. Kanuni yake ni moja: historia ya mahali huanza mwaka ule ambao watu wako walifika. Yaliyotangulia ni pori.

Usianzie nyuma zaidi, utakutana na Wazinza. Ardhi hii ya Sengerema, Geita na Chato iliitwa Uzinza, ikiwa na watawala wake na lugha yake iliyo ndugu wa Kihaya na Kikerewe kuliko Kisukuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliona watu na ng'ombe wamesongamana mashariki mwa Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1947 wakaanzisha mpango wa maendeleo wa Usukuma. Vichaka vikafyekwa, mbung'o wakafukuzwa, na Wasukuma wakavuka kuja Geita na mifugo na pamba. Walikuja wengi kiasi kwamba leo Mzinza akiongea kwa sauti barabarani huulizwa kama ni Mhaya, na kama anafurahia mji wetu.

Usichimbe vilevile Wasukuma wenyewe walitoka wapi. Kabla ya ukoloni walikuwa chini ya watemi makumi kwa makumi, kila mtu akiapa kwa mtemi wake. Waingereza walipenda orodha fupi. Katika miaka ya 1940 wakawaweka watemi hao pamoja katika shirikisho moja, makao yake makuu Malya. Ofisi ikapata faili moja badala ya hamsini, na wananchi wakapata kabila kubwa la kujivunia. Kila upande uliridhika, na mpaka leo hakuna aliyeomba faili zirudi.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Sisi tupo hapa tangu enzi na enzi," kubali kwa moyo wote. Usiulize enzi ipi. Naye hatakuuliza yako.

Ila mwonee huruma mdogo wa mtu huyo. Kuna familia ambayo kaka alibaki Geita na mdogo akaendelea na ng'ombe kusini mpaka Usangu. Mwaka 2006 serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Ihefu huko Usangu, yule mdogo aliitwa mvamizi. Baba mmoja, mama mmoja, ng'ombe wa zizi moja: kaka mwenyeji, mdogo mvamizi. Tofauti yao ni tarehe tu. Wewe hakikisha tarehe yako haijulikani.

Hatua ya 5: Geuza utani uwe kibali

Utani wa asili una masharti magumu. Ni wa pande mbili, una makabila yake yanayojulikana, kama Wanyamwezi na Wazaramo, na mtani anayekutukana msibani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Hiyo ni kazi nyingi. Wewe chukua tusi, jembe waachie wenyewe.

Orodha ipo tayari, hutungi kitu. Mchaga hela, Mhaya majivuno, Mpare ubahili, Mkurya panga, Msukuma ushamba. Liseme lolote kati ya hayo, kisha ongeza haraka, "Utani tu jamani!" Ukimnyima mtu kibarua kwa sababu ya kabila lake, utani tu. Ukimpangisha chumba kwa bei ya juu, utani tu. Akikasirika, shangaa: "Mbona huyu hajui utani? Kwao hasa ni wapi?"

Mbinu hii ina kasoro moja ambayo kwa uaminifu lazima nikutajie. Siku ya msiba wako, watani halisi watakuja na majembe. Hawa wa kwako watatuma rambirambi kwa simu.

Hatua ya 6: Ukishika kipaza sauti, lipende taifa

Kabila lina saa zake na taifa lina saa zake. Kabila ni la usiku wa kuamkia kura, mlango umefungwa na chai ipo mezani. Taifa ni la mchana, mbele ya watu. Ukizichanganya saa hizo umekwisha.

Mchana anza na Mwalimu. Sema, "Sisi Mwalimu alituachia nchi isiyo na ukabila." Ni kweli pia, na hiyo ni nafuu kwako. Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, na bado serikali yake mwaka 1963 ikafuta utawala wa machifu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa ni kabila gani.

Umeona fursa? Hakuna hesabu rasmi ya kabila lolote kwa zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo usiku, mlango ukifungwa, sema kwa utulivu, "Sisi ndio wengi." Nani atakupinga, na kwa takwimu gani? Nyerere aliifuta safu ya kabila ili watu wasihesabiane. Wewe itumie safu hiyo tupu kujaza idadi uitakayo.

Kama unagombea, usisahau mavazi. Jifunge mgolole, pokea usinge, simikwa uchifu. Wasukuma ni wakarimu katika hilo. Septemba 2021, huko Kisesa wilayani Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa Zanzibar, wakampa jina la Chifu Hangaya. Ni jambo la heshima, na linakufundisha kwamba kabila lina mlango mpana sana kwa anayekuja na msafara. Wewe uliyekuja na begi, zunguka nyuma.

Hatua ya 7: Tafuta karatasi, na uandae babu

Sasa tunaingia kwenye sehemu yenye mhuri. Maneno ya mwaloni ni mazuri, lakini Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008, hailambi maneno. Inataka fomu, na fomu inataka watu: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, kisha Afisa Uhamiaji.

Wengi walikuwa hawajali mpaka ulipokuja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nchi nzima ikasimama foleni. Ndipo watu walipogundua kwamba ili umpigie mama simu, kwanza uthibitishe mama ni Mtanzania.

Kwenye mikoa iliyo karibu na mpaka, foleni husimuliana maswali yatakayoulizwa ndani. Ulisoma wapi? Mwalimu mkuu alikuwa nani? Babu yako amezikwa wapi? Hilo la mwisho ndilo zito, basi andaa babu. Awe wa muda mrefu, awe amezikwa mbali kidogo, na kaburi lake liwe limeliwa na mvua. Babu aliyekufa ndiye shahidi bora kuliko wote. Hajichanganyi, haombi soda, na habadili maelezo akiitwa mara ya pili.

Utashangaa jambo moja ukiwa kwenye foleni. Mbele yako kutakuwa na kijana aliyezaliwa kambi ya wavuvi kisiwani, akakatwa kitovu na mkunga asiyejua kuandika. Baba yake alizama kabla hajamwona. Hana cheti cha kuzaliwa, hana cha kliniki, hana cha shule. Huyo atarudishwa mara tatu. Wewe uliyetua juzi una faili nene lenye rangi mbili. Usimwangalie usoni. Faili lako lina haki zaidi yake.

Hatua ya 8: Funga mlango

Hongera, sasa wewe ni mwenyeji. Lakini mwenyeji asiye na mgeni wa kumshuku bado hajakamilika. Kazi yako kuanzia leo ni kulinda mahali ulipoingilia.

Kwanza, chukua lile neno "hasa" lililokutesa, litumie kwa wengine. Pili, jifunze kupima. Pima kwa pua, kwa kimo, kwa namna mtu anavyotamka "r". Usipime kwa sheria. Sheria ina maswali machache mno na haitakusaidia kupata shamba la jirani.

Ndiyo, shamba. Ulidhani tunapimana pua kwa ajili ya nini? Julai 2013, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa mikoa hii wiki mbili wawe wameondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walisukumwa kuvuka mpaka. Wamo walioingia bila kibali. Wamo pia walioishi hapa makumi ya miaka, wakaoa, wakazaa, wakazika. Wamo waliodai ni Watanzania na wakaonyesha karatasi. Operesheni haijui nyumba ya mtu. Jirani ndiye anayejua. Na jirani anajua pia idadi ya ng'ombe zizini, na nani anamdai nani. Mdai wako anaweza kugeuka Mrundi kwa usiku mmoja tu, na deni likaondoka naye.

Tahadhari tu kwamba mlango huu hauna upande wa ndani. Februari 2001 serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu si raia. Mwandishi mashuhuri, mbunge wa zamani, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na kuitumikia nchi hii kwa miaka. Katika tangazo hilohilo walikuwemo Timothy Bandora, balozi aliyekuwa akiiwakilisha Tanzania nje, na Anatoli Amani, mwenyekiti wa chama tawala Kagera. Kama balozi wa nchi anaweza kuambiwa nchi si yake, wewe mwenye babu wa kuazima unategemea nini?

Na upande wa pili, mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000, wa wimbi la wakimbizi wa 1972, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Wakalala wakimbizi, wakaamka Watanzania. Mwingine alilala mkuu wa wilaya wa zamani, akaamka mgeni. Pua zao hazikubadilika usiku huo.

Hatua ya 9: Ukivuka mpaka, badili mwongozo

Kenya mambo ni kinyume. Hapa unaficha kabila nyuma ya "kwenu wapi". Kule usipokuwa na kabila linalotambulika, kitambulisho ni shida kukipata. Wamakonde wa Kwale waliishi miaka mingi bila karatasi, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Kwa hiyo Mmakonde wa Mtwara ni Mtanzania bila kutaja kabila, na wa Kwale amekuwa Mkenya kwa kulitaja. Ukienda, beba yote mawili.

Rwanda sina mbinu ya kukupa. Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994 mstari huo mmoja ulitosha kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani afe. Mto Kagera ukaleta maiti mpaka Ziwa Victoria, ziwa hilihili tunaloanikia dagaa kandoni mwake. Kwenye hilo usiseme "utani tu".

Mambo matatu ya kuepuka

Ukishahitimu hatua zote, jiepushe na mambo yafuatayo, maana yanaharibu kazi.

La kwanza, usimtembeze mgeni Rubondo. Boti huondokea hapa Nkome, na utashawishika. Katika miaka ya 1960 wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani waliondolewa ili kisiwa kiwe hifadhi. Mara baada ya hapo, kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt akaleta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wengi wao wakiwa na asili ya Afrika Magharibi. Leo Rubondo ni hifadhi ya taifa, wajukuu wa sokwe wale ni fahari ya Tanzania, na watu hulipa kwenda kuwaona. Hakuna aliyewauliza babu yao amezikwa wapi. Mgeni mwenye akili anaweza kukuuliza wajukuu wa wale wavuvi wako wapi, na jibu huna.

La pili, usimchunguze sangara. Naye alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenyeji akina furu karibu wote, na sasa hukatwa minofu Mwanza na kusafirishwa Ulaya kama mali ya Tanzania. Amefuata mwongozo huu neno kwa neno bila kuusoma.

La tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, usisimulie mwaka 1958. Mwaka huo Waingereza waliwaletea watu wa Geita baraza la wilaya lenye viti vya Waafrika, vya Waasia na vya Wazungu. Zilikuwa zama za siasa ya kugawana kwa rangi. Hata kwenye uchaguzi wa nchi ulioanza mwaka huo, mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Watu wa Geita walikataa. Wazinza kwa Wasukuma, wenyeji kwa wa kuja, walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hawakuulizana kwao hasa njiani. Kijana akiisikia habari hiyo anaweza kuanza kujiuliza kwa nini sisi, tusiopigwa mabomu na mtu yeyote, tunagawana kwa hiari.

Nimalizie kama anavyomalizia mshauri mwema, kwa jambo ambalo halina ujanja. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa, na katika zote ishirini hakuna hata moja ya kabila. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataka kujua ulizaliwa wapi na kama mzazi wako alikuwa raia. Haitaki kujua alicheza ngoma ipi.  Lile neno "hasa" halimo katika sheria yoyote. Tumeliongeza sisi wenyewe, na kuliondoa hakuhitaji Bunge: ukiambiwa mtu kwao ni Nkome, pokea jibu, nyamaza.